Mahakama kwa Kiswahili, mtihani kwa Kiingereza: kisa cha darasa la sheria Tanzania

Tarehe 1 Februari 2021, katika Siku ya Sheria jijini Dodoma, Rais John Magufuli alimsifu hadharani Jaji Zephrine Galeba wa Mahakama Kuu, Musoma, kwa kuandika hukumu kwa Kiswahili. Papo hapo akatangaza kumpandisha kuwa Jaji wa Mahakama ya Rufani. Mwezi huohuo Bunge likapitisha marekebisho ya sheria: lugha ya sheria za Tanzania ni Kiswahili, na lugha ya mahakama na mabaraza yote ya kutoa haki ni Kiswahili. Kiingereza kiliachiwa mlango wa kutumika pale ambapo haki itakihitaji.

Mwishoni mwa mwaka huohuo kundi jingine la vijana liliripoti Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kuanza shahada ya kwanza ya sheria. Miaka minne waliyosoma, kozi zote, kuanzia katiba na jinai hadi mikataba, ardhi na ndoa, zilihesabiwa kuwa zinafundishwa kwa Kiingereza, na karatasi za mtihani zikajibiwa kwa Kiingereza. Vyuo vikuu vingine vinavyofundisha sheria nchini vinakwenda njia hiyohiyo. Bunge lilibadili lugha ya kazi, lakini lugha ya kumwandaa mtu kwa kazi hiyo ikaachwa palepale.

Nimeuchagua mfano wa sheria kwa makusudi. Ukizungumzia udaktari au uhandisi, mjadala wa lugha ya kufundishia huishia haraka kwenye dawa na mitambo iliyotoka nje. Kwa sheria hauwezi kuishia huko. Mteja ni Mtanzania, shahidi ni Mtanzania, hakimu ni Mtanzania, ugomvi wenyewe ni wa shamba la Kilosa au nyumba ya Tandika, na sasa hata kitabu cha sheria kinatamka kwamba lugha yake ni Kiswahili. Kama kuna somo la chuo kikuu ambalo lilistahili kutangulia kuvuka, ni hili. Halijavuka, na ukichunguza kwa nini, unapata majibu yanayogusa masomo mengine yote.

Kinachotokea ukumbini

Asiyewahi kuketi kwenye ukumbi wa mihadhara hudhani mambo yanakwenda kama kanuni za chuo zinavyosema. Slaidi ukutani ni za Kiingereza, kitabu ni cha Kiingereza, na sentensi ya kwanza ya mhadhiri ni ya Kiingereza. Akifika mahali pagumu, tuseme mpaka kati ya kuua kwa kukusudia na kuua bila kukusudia, mhadhiri anayewajali wanafunzi wake huhamia kwenye Kiswahili, anatoa mfano wa watu wawili waliogombana kilabuni, darasa linacheka, linaelewa, kisha anarudi kwenye slaidi. Akiuliza swali kwa Kiingereza hujibiwa na walewale watatu wa mstari wa mbele. Akilirudia kwa Kiswahili ubishi unazuka mpaka kipindi kinamwishia.

Jioni kwenye vimbweta ni Kiswahili, na ndani yake yamechomekwa majina ya kesi, namba za vifungu na istilahi za Kiingereza. Makundi ya majadiliano yanabishana kwa sauti mpaka taa zinawashwa. Ningethubutu kusema kwamba sehemu kubwa ya elimu ya sheria nchini inapatikana hapo, kwenye meza za saruji, na chuo hakiihesabu.

Kisha mtihani unakaribia na kazi inabadilika. Sasa mwanafunzi anatafuta sentensi. Madesa, yaani maelezo ya masomo yaliyoandaliwa na wengine, yanazunguka kutoka mkono hadi mkono, na kijana aliyekuwa akipangua hoja za wenzake juzi anaketi kukariri aya nzima za Kiingereza, koma kwa koma, kwa sababu anajua kwamba ndani ya saa tatu hataweza kuivalisha hoja yake mwenyewe lugha inayotakiwa. Anachoandika siku ya mtihani ni maneno ya mtu mwingine. Alichokifikiria yeye kimebaki kwenye kimbweta.

Kwa hiyo tunapobishana kama vyuo vifundishe kwa Kiswahili au kwa Kiingereza, tunabishana juu ya jambo ambalo wahadhiri na wanafunzi walikwisha kuliamua kimyakimya. Vyuo vyetu vinafundisha kwa lugha mbili na kupima kwa moja. Kitu kinachoshikilia Kiingereza mahali pake ni karatasi ya mtihani, na uchambuzi wowote usioanzia hapo unapoteza njia.

Bi Hawa anapoingia darasani

Chukua kesi ambayo mwanafunzi wa sheria Tanzania hawezi kuikwepa: Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, iliyoamuliwa na Mahakama ya Rufani mwaka 1983. Ndoa ilivunjika, mke akadai sehemu ya mali iliyopatikana wakati wa ndoa. Mume ndiye aliyekuwa na kipato. Mke alikuwa mama wa nyumbani. Kifungu cha 114 cha Sheria ya Ndoa ya 1971 kinaipa mahakama uwezo wa kugawa mali iliyochumwa kwa juhudi za pamoja. Swali likawa hili: kupika, kufua, kulea watoto na kutunza nyumba ni juhudi inayohesabika katika kuchuma mali, au ni wajibu wa mke usiolipwa chochote?

Mahakama za chini zilikuwa zimemkatalia. Mahakama ya Rufani, chini ya Jaji Mkuu Francis Nyalali, ikasema kazi za nyumbani ni mchango. Ili kufika hapo haikuishia kwenye maneno ya kifungu. Ilijiuliza sheria ile ilitungwa kuondoa dhuluma gani katika jamii, kisha ikakifasiri kifungu kwa mwanga huo. Rufaa ya Bi Hawa mwenyewe haikufaulu, maana mahakama iliona kwamba katika mazingira ya ndoa yao alikwisha kupata kilichokuwa sehemu yake. Lakini kanuni iliyowekwa siku ile imewafaa wanawake wengi waliomfuata.

Sasa fuata njia ya lugha katika shauri hilo moja. Ugomvi ulitokea kwa Kiswahili. Shauri lilianzia mahakama ya mwanzo, ambako mambo yote huendeshwa na kuandikwa kwa Kiswahili. Lilipopanda likageuzwa Kiingereza, likaamuliwa kwa Kiingereza, likachapishwa kwa Kiingereza. Miaka arobaini baadaye binti kutoka Kasulu analikuta Mlimani kwa Kiingereza. Analijadili na wenzake kwa Kiswahili, tena kwa moto, kwa sababu kazi inayobishaniwa ndiyo aliyoiona ikifanywa na mama yake tangu alfajiri hadi usiku. Analijibia mtihani kwa Kiingereza. Anahitimu, anajitolea kwenye kituo cha msaada wa kisheria, na mbele yake anaketi mama aliyefukuzwa nyumbani baada ya ndoa ya miaka ishirini.

Huyu mama anahitaji hoja ya Nyalali nzima, kwa Kiswahili. Kisha hoja hiyo inatakiwa iandikwe kwenye hati ya madai na itetewe mbele ya hakimu, kwa lugha ambayo wakili huyu kijana hakuwahi kupewa hata alama moja kwa kuiandikia sheria.

Nimewaona wahitimu wazuri wakikwama hapo. Wanaijua kanuni. Wanasema, "Mama, sheria inakupa haki ya mgawo." Mama anauliza, "Mgawo wa kiasi gani, mwanangu? Na hati ya nyumba si ina jina lake?" Hilo ndilo swali lenyewe la kisheria. Linataka mtu atenganishe umiliki wa karatasi na haki ya mgawo, aeleze namna mahakama inavyopima mchango, aseme bila kuficha ni wapi upande wa pili una nguvu. Na hapo ndipo kijana anapoanza kumwaga maneno ya Kiingereza, mama anaitikia kwa adabu, na anaondoka na tumaini lisilojua limesimama juu ya nini.

Utasema kijana hajui Kiswahili. Anakijua, amezaliwa nacho na anakiota. Ila hakuna anayezaliwa na ustadi wa hoja ndefu ya kisheria kwa lugha yoyote: kutaja kanuni, kuileta juu ya ukweli wa shauri, kukubali kile mpinzani alichonacho, kukipangua, na kufika kwenye hitimisho huku msomaji bado yuko nawe. Ustadi huo unapatikana kwa kuandika, kusahihishwa kwa wino mwekundu, na kuandika tena. Chuo kimemfanyisha zoezi hilo kwa miaka minne katika lugha ambayo hajaimudu, na katika lugha anayoimudu hakimfanyishi hata mara moja. Anatoka akiwa nusu katika zote mbili. Linaniuma jambo hili, kwa sababu akili ya kulifanya anayo. Umeisikia jioni kwenye kimbweta.

Alama moja kwa vitu viwili

Oktoba 2022 matokeo ya Taasisi ya Mafunzo ya Uanasheria kwa Vitendo, ambako kila anayetaka kuwa wakili lazima apite, yaliitikisa nchi. Kati ya watahiniwa 633, waliofaulu moja kwa moja walikuwa 26. Waliopewa sapu, yaani kurudia baadhi ya mitihani, ni 342. Waliodisko, yaani walioondolewa masomoni, ni 265. Waziri wa Katiba na Sheria wa wakati huo, Damas Ndumbaro, aliunda kamati chini ya Dk. Harrison Mwakyembe kuchunguza. Mitandaoni na bungeni lawama zilirushwa kila upande: vyuo vinatoa shahada rahisi, wanafunzi ni wavivu, taasisi inafelisha kwa makusudi, Kiingereza cha vijana ni kibovu.

Mimi nilichokiona kwenye ubishi ule ni kwamba hakuna aliyekuwa na njia ya kuumaliza. Huwezi kuchukua karatasi iliyofeli na kusema, "Huyu hajui sheria," wala, "Huyu sheria anaijua, ameshindwa kuisema kwa Kiingereza." Mtihani umepima vitu viwili ukatoa alama moja. Mwanafunzi mwenyewe hajui arudi kusoma nini. Wengi hurudi kukariri zaidi.

Na kuna upande ambao husemwa kwa nadra: wapo wanaopita kwa sababu ya Kiingereza. Mtoto aliyeanzia shule ya mchepuo wa Kiingereza ya kulipia anaingia mwaka wa kwanza akiwa na lugha ya mtihani mkononi. Aliyetoka shule ya msingi ya serikali alisoma miaka saba kwa Kiswahili, akahamishwa ghafla kidato cha kwanza katika shule ya kata, kwa mwalimu ambaye naye alihamishwa vivyo hivyo. Wote wawili wamefaulu kidato cha sita, wote wana haki ya kuwa pale. Lakini insha ya wa kwanza inasomeka vizuri, na msahihishaji aliyechoka, mwenye rundo la karatasi mezani, huiamini insha inayosomeka vizuri. Hoja dhaifu iliyovaa Kiingereza safi inapata alama ambazo hoja nzito yenye sarufi ya kuchechemea haizipati. Uwakili, ambao ungekuwa mkono wa kumsaidia mnyonge, unaanza kuchuja watu kwa karo ya shule ya msingi.

Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kimekuwa na kozi ya stadi za mawasiliano kwa miaka mingi ili kuziba pengo hili, na walimu wake wamefanya kazi kubwa. Ni jambo la kutiliwa maanani kwamba miongoni mwa sauti zilizotetea Kiswahili kwa nguvu na kwa muda mrefu ni ya Profesa Martha Qorro, ambaye kazi yake pale chuoni ilikuwa katika kufundisha Kiingereza. Anayesahihisha insha hizo kila mwaka anajua kwamba muhula mmoja au miwili ya sarufi haiwezi kubeba mzigo wa shahada nzima.

Sababu iliyokwisha mwaka 1970

Sheria ndiyo iliyokuwa mlango wa elimu ya chuo kikuu Tanzania. Tarehe 25 Oktoba 1961, wiki chache kabla ya Uhuru, wanafunzi wachache walianza masomo ya sheria katika jengo la TANU, Mtaa wa Lumumba wa leo, chini ya usimamizi wa Chuo Kikuu cha London. Mwaka 1963 chuo kikawa sehemu ya Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki pamoja na Makerere na Nairobi, na kitivo hicho kikapokea vijana wa sheria kutoka nchi zote tatu. Kiingereza kilikuwa na sababu. Mwanafunzi wa Kampala na wa Dar es Salaam walikutana kwenye lugha hiyo, na shahada ilitoka London. Tarehe 1 Julai 1970 kikazaliwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam cha taifa. London ilikwisha ondoka, Kampala na Nairobi zikaenda njia zao. Lugha ikabaki.

Haikubaki kwa kukosa watu walioona mbele. A. B. Weston, mkuu wa kwanza wa kitivo kile na mgeni kutoka nje, ndiye ambaye jina lake limo kwenye orodha ya istilahi za sheria za Kiswahili iliyochapishwa chuoni mwaka 1968. Idara ya Kiswahili ilipoanza 1970 ilichukua isimu na nadharia ya fasihi, masomo ambayo vitabu vyake vilikuwa vya Kiingereza, ikayafundisha kwa Kiswahili, na leo watu wanatetea tasnifu za uzamivu kwa Kiswahili katika chuo hichohicho. Mwaka 1982 Tume ya Rais ya Elimu chini ya Jackson Makweta ilipendekeza Kiswahili kianze kufundishia sekondari mwaka 1985 na kifike vyuo vikuu mwaka wa masomo 1991/92. Serikali haikukubali. Sera ya Utamaduni ya 1997 ikalirudia jambo hilo, Sera ya Elimu na Mafunzo ya 2014 nayo ikalirudia. Kila mara jibu lilikuwa kwamba maandalizi yanahitajika, na kila mara maandalizi hayakupangiwa tarehe.

Hoja za kubaki

Ya istilahi ndiyo hutajwa kwanza na ndiyo nyepesi kuliko zote. TUKI, Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Mlimani, ilitoa kamusi ya sheria miaka ya 1990 mwishoni. Mahakama za mwanzo zimesikiliza wizi, mirathi, talaka na madai kwa Kiswahili tangu miaka ya 1960, na hakuna mwizi aliyeachiwa kwa kukosekana istilahi. Hapa sihitaji kukaa.

Ya kesi na vitabu ni nzito. Sheria yetu imejengwa juu ya msingi wa Kiingereza. Sheria ya nchi inasema wazi kwamba sheria ya kimila ya Uingereza (common law), kanuni za usawa (equity) na sheria za jumla zilizokuwa zikitumika kule tarehe 22 Julai 1920 ni sehemu ya sheria zetu, kwa kadiri mazingira yanavyoruhusu. Hukumu za Mahakama Kuu na Mahakama ya Rufani za miaka sitini ni za Kiingereza, na hata baada ya 2021 nyingi zinaendelea kuandikwa hivyo. Mwanafunzi asiyeweza kusoma Kiingereza hawezi kuwa wakili Tanzania ya leo, na sitamdanganya mtu kwamba anaweza.

Lakini kusoma kwa lugha moja na kutoa hoja kwa nyingine ni kazi ambayo wanasheria duniani wanaifanya. Indonesia ilipopata uhuru ilirithi sheria za Kiholanzi. Mahakama na vyuo vyake vikafanya kazi kwa Kiindonesia huku matini asili ya sheria kuu ya madai na ya makosa ya jinai ikibaki ya Kiholanzi, watu wakitumia tafsiri zilizofanywa na wanazuoni wao wenyewe, akiwemo Subekti. Kanuni mpya ya adhabu iliyoandikwa kwa lugha yao ilipitishwa na bunge lao Desemba 2022. Hawakusubiri kila ukurasa utafsiriwe ndipo darasa lianze. Darasa lilianza, na darasa likazaa wafasiri.

Mkumbuke Jaji Galeba. Hukumu yake ilikuwa habari ya taifa kwa sababu ilikuwa ngeni. Majaji wengi wanaoendelea kuandika kwa Kiingereza hawafanyi hivyo kwa kiburi wala kwa kuidharau sheria ya 2021. Walifundishwa kuandika hukumu kwa Kiingereza, mifano yote waliyonayo ni ya Kiingereza, na shauri lina muda wake wa kumalizika. Mahakama sasa imeleta mfumo wa akili mnemba wa kunukuu na kutafsiri mwenendo wa mashauri, na utasaidia. Ila mashine haitampa jaji mtindo wa kuandika ambao hakuwahi kuufanyia mazoezi. Watakaoketi kwenye viti hivyo mwaka 2045 wako mwaka wa kwanza hivi sasa, na wanafundishwa kama waliotangulia.

Hoja ya tatu ni ya soko: mikataba ya gesi, usuluhishi wa kimataifa, Mahakama ya Afrika Mashariki pale Arusha. Ni ya kweli. Hata hivyo wanaofika huko ni wachache, na wanaohitaji Kiingereza hicho wanahitaji kizuri kuliko wanachopewa sasa. Kozi ya miaka miwili ya Kiingereza cha kisheria, inayofundishwa na waliosomea kufundisha lugha, ingewafikisha mbali kuliko kozi arobaini zinazofundishwa kwa Kiingereza cha kubahatisha.

Iliyobaki huzungumzwa kwa sauti ya chini, nayo ni hofu ya wahadhiri wenyewe. Mtu aliyeandika tasnifu yake kwa Kiingereza, mwenye maelezo ya kozi aliyoyaboresha kwa miaka kumi na mitano, na anayepandishwa cheo kwa makala zinazotoka kwenye majarida ya Kiingereza, unamwambia aanze upya akiwa na darasa la wanafunzi mia tatu. Hofu hiyo ni ya haki. Chuo kinachotaka kubadilika kikampa mhadhiri mzigo huo bila kumpunguzia vipindi, bila kumlipa kwa kuandika kitabu, bila kuihesabu kazi hiyo kwenye upandishaji vyeo, kitapata upinzani na kitakuwa kimeustahili.

Pa kuanzia

Kama nilivyosema, shina ni mtihani, na hapo ndipo ningeanzia. Sishauri shahada nzima igeuzwe kwa siku moja. Zipo kozi ambazo migogoro yake huanzia mabaraza ya kata na mahakama za mwanzo: ndoa na mirathi, ardhi pamoja na zile sheria mbili za 1999 za ardhi na ardhi ya vijiji, na sehemu kubwa ya jinai. Hizo zitangulie. Sheria ya kimataifa, ya kodi za makampuni na ya mafuta na gesi zisubiri.

Wengi hupendekeza mwanafunzi apewe uhuru wa kuchagua lugha ya kujibia. Zamani niliupenda ushauri huo, sasa nina shaka nao. Katika mazingira yetu, atakayechagua Kiswahili atahesabiwa kuwa ameshindwa Kiingereza. Wenye uwezo watakikwepa ili wasionekane hivyo, msahihishaji ataifungua karatasi akiwa na hukumu tayari, na baada ya miaka miwili chuo kitatangaza kwamba wanafunzi wenyewe hawakukitaka.

Bora swali moja la lazima, kwa wote, kwa Kiswahili. Karatasi ya sheria ya ndoa iwe na swali linalompa mwanafunzi maelezo ya mke kama yule wa kituo cha msaada wa kisheria, pamoja na kifungu cha 114 na hukumu ya Bi Hawa kwa Kiingereza kama ilivyo, kisha limtake aandike kurasa mbili za ushauri kwa mteja na ukurasa mmoja wa hoja kwa hakimu. Apimwe kwa uzito wa hoja, kwa usahihi wa sheria na kwa Kiswahili chake. Hapo aliyetoka shule ya mchepuo wa Kiingereza naye atatoka jasho, na atafaidika, kwa sababu mahakamani hataulizwa alisoma wapi. Vikundi vya majadiliano vitakuwa na sababu ya kuandika kile wanachobishana. Hata mtahini wa nje anayetoka Kenya anaweza kuisoma karatasi hiyo.

Mwongozo wa kusahihisha ndio utakaokuwa kazi ngumu kuliko swali lenyewe, maana wahadhiri watalazimika kukubaliana hoja nzuri ya kisheria kwa Kiswahili inafananaje: itajeje kesi ya Kiingereza, istilahi ipi itumike pale kamusi zinapogongana, nukuu ifasiriwe au iachwe. Hukumu za Kiswahili zilizokwisha kuandikwa Mahakama Kuu ziwe kitabu chao cha kwanza. Jambo hili halihitaji kurudi bungeni Dodoma. Linahitaji idhini ya bodi ya Shule Kuu ya Sheria na ya Seneti ya chuo, na wahadhiri watatu wa sheria ya ndoa walio tayari kukaa pamoja na mtu mmoja wa Idara ya Kiswahili kabla muhula haujaanza.